Binti yangu anarudi toka Oman, anataka mtoto niliyemlea tangu hajajua kutembea

BARUA

Mwanangu mshauri, hujambo na pole na kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, nipo Pangani mkoa wa Tanga, naomba jina langu usiliweke mana binti yangu anasoma sana mambo ya kwenye simu na huku kwetu tunajuana wote. Hii barua nimeiandika nikaifuta mara nyingi, leo nasema niimalize tu iwe iwavyo.

Nina mjukuu wa kiume, mwezi wa tano katimiza miaka minne. Mama yake ni binti yangu wa pili. Alimzalia hapa hapa nyumbani, baba wa mtoto alikuja siku ya akika akala akaondoka, mpaka leo hatujamuona. Mtoto alipokuwa na miezi kumi, ndo kwanza anasimama kwa kushikilia ukuta, binti akapata njia ya kwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Hatukuwa na namna. Mume wangu alishafariki, mimi nauza vitumbua na maandazi asubuhi na jioni samaki wa kukaanga, hela ya kula ilikuwepo lakini paa lilikuwa linavuja na mdogo wake yupo sekondari. Nikamwambia nenda mwanangu, mtoto niachie mimi. Na nashukuru hela katuma, nyumba tumeezeka upya, mdogo wake kamaliza kidato cha nne, sina cha kumlaumu.

Sasa mwezi wa kumi na mbili mkataba wake unaisha na harudi tena kule. Anataka kufungua saluni Dar, Mbagala, fremu kashalipia kwa kupitia rafiki yake. Na anasema Januari anamchukua mwanawe akaanze shule.

Mwanangu, kumchukua ni haki yake, mimba kabeba yeye na uchungu kauona yeye. Ila mtoto hamjui. Akipiga video mtoto anajificha nyuma ya mlango, nikimwambia njoo umsalimie mama ananiambia mama si wewe. Yeye anamwita anti wa kwenye simu. Siku moja binti alimsikia, akakata simu pale pale, baadae akanitumia sauti WhatsApp analia anasema mama umeniibia mtoto. Ile sauti sijaifuta na siwezi kuisikiliza tena.

Hiyo shule ni ya inglishi midiamu. Gari la shule linapita saa kumi na moja alfajiri, mtoto anarudishwa saa kumi jioni, anapokelewa na dada wa kazi wanakaa mpaka binti afunge saluni saa mbili usiku. Mwanzo alitaka ya bweni kabisa, nikamwambia nimesikia serikali imekataza kwa watoto wadogo, akasema ntauliza. Anasema watoto wa rafiki zake wa umri huo huo wanasoma ABC na wanahesabu mpaka mia kwa Kizungu, wa kwake yupo kijijini anachezea vifuu na mchanga. Akaniambia, mama miaka mitano ya kwanza ndo ubongo unajengwa, ushampotezea muda.

Hilo la ubongo limeniuma kuliko yote mana hata mimi nimelisikia. Mhudumu wa afya wa jamii anapita huku majumbani, alitukusanya kina mama na kina bibi akatufundisha mambo ya malezi, siku elfu moja za mwanzo, tuongee na mtoto, tucheze nae, tusimpige. Nilifurahi mana mengi nayafanya bila kufundishwa. Halafu mtoto wa dada yangu akanionyesha klipu, mtaalamu anaeleza kuwa mtoto akitenganishwa na anayemlea ubongo wake unaharibika na haurudi, wakaonyesha watoto wa Ulaya huko waliolelewa kwenye vituo vya yatima, vitoto vinajitikisa mbele nyuma kwenye vitanda vya chuma. Usiku ule sikulala. Kama ni kweli basi binti yangu alishamuharibu mtoto siku ile alipopanda ndege, na Januari tunakwenda kumuharibu mara ya pili, na safari zote mbili mimi ndo nafungasha begi.

Na niseme ukweli wote ili unishauri vizuri. Naogopa pia kubaki peke yangu. Yule mtoto ndo ananiamsha, ndo naongea nae nikiwa nakaanga, ananihesabia vitumbua mpaka kumi na mbili halafu anaanza tena moja. Na hela inayokuja kila mwezi inakuja kwa ajili yake, akiondoka sijui kama itaendelea, naona aibu kulisema hili lakini ndo lilivyo.

Dada yangu ananiambia usimtoe, mtoto ni wa aliyemlea. Kaka yangu anasema mpe mwanawe uepukane na lawama, huyo ni mjukuu tu. Shule ya msingi ya serikali yenye darasa la awali ipo hapa karibu, mwalimu wake ananunua vitumbua kwangu na mtoto anamjua. Naomba nisaidie, nimpe Januari au nimkatalie mpaka afike darasa la kwanza? Sitaki kugombana na mwanangu na sitaki mtoto aharibike.

Bibi wa Pangani


JIBU

Shikamoo mama yangu. Ahsante kwa kuiandika mpaka mwisho, na ahsante zaidi kwa zile sehemu ulizoona aibu kuzisema, mana bila hizo ningekujibu nusu.

Nikielewa vizuri, binti yako alikuachia mtoto wa miezi kumi kwa sababu ya shida ya nyumba nzima, wewe ukamlea mpaka akawa hivo alivyo, mtoto mzima anayeongea anayehesabu na anayejua mama yake ni nani kwa macho yake yeye. Sasa mama aliyemzaa anarudi na anataka yale yote aliyoyakosa ayapate Januari moja. Kila mmoja wenu ameshika ushahidi wa ubongo, yeye anasema umechelewesha, wewe unaogopa atauharibu, na katikati kuna mtu wa miaka minne ambaye hakuna aliyemuuliza. Swali lako ni nimpe au nisimpe. Mimi hilo sitakujibu kwa neno moja kwa sababu nyie ndo mtaishi nalo, ila niruhusu nilizunguke kidogo, mana naona kuna mambo umeyabeba kama ukweli na mimi nadhani yana mlango wa pili.

Nianze na ile klipu kwa sababu ndo imekunyima usingizi. Wale watoto naamini ni wa Romania. Wakati wa utawala wa Ceaușescu, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, maelfu ya watoto waliwekwa kwenye vituo, na baada ya utawala ule kuanguka mwaka 1989 dunia ikaviona. Watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, nusu yao wakapelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki na utaratibu wa kawaida. Kilichowaumiza wale watoto ni kwamba hawakuwa na mtu. Kule vituoni wahudumu walikuwa wanaingia na kutoka kwa zamu, mmoja ana watoto wengi, mtoto akilia haji mtu, akicheka haji mtu, mwisho anaacha kulia. Na hata hao, waliopelekwa kwenye familia mapema, hasa kabla ya kufika miaka miwili, walipata nafuu kubwa, kwa hiyo hata pale penyewe kwenye ubaya wa mwisho kabisa neno "haurudi" halikuwa kweli kwa wote.

Sasa mama, linganisha na siku binti yako alipopanda ndege. Mtoto alilia, sina shaka, lakini ile jioni alibaki kwenye mikono ile ile iliyokuwa inamuogesha tangu arobaini, jikoni kule kule, sauti ile ile. Alipungukiwa na mtu mmoja akabaki na mwingine aliyekuwa anamjua tayari. Sisemi haikumgusa. Ila kumfananisha na kitanda cha chuma cha Bucharest ni kujihukumu bure wewe na mwanao, na nakuomba huo mzigo uutue leo.

Kuna utafiti mwingine wa karibu na kwetu ambao huwa hauingii kwenye klipu. Mwaka 1954 mtafiti mmoja mwanamama, Mary Ainsworth, alihamia Uganda na akawa anatembelea vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na kina mama wa Kiganda, anawaangalia watoto wao, watoto 28 wa nyumba 26. Jambo mojawapo lililompeleka vijijini ni kwamba alisikia kuna desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi wakati wa kumwachisha ziwa ili alisahau, akataka kuona hicho kitengano kinamfanyaje mtoto. Alipofika akakuta wengi wameshaiacha, basi akaanza kuangalia tu mtoto anajishikiza vipi kwa watu wake. Na aliona kuwa watoto wengi walishikamana na mama lakini pia na wengine, baba, bibi, ndugu wakubwa, hata watu ambao si wao waliokuwa wanawalisha. Kazi hiyo ya Uganda ndo iliyochangia sana yale mambo ya mtoto na mlezi wake yanayofundishwa vyuoni dunia nzima sasa. Na kwenye msitu wa Ituri, Kongo, mtafiti Edward Tronick na wenzake miaka ya 1980 waliwafuatilia Waefe, watu wanaoishi msituni humo, wakakuta mtoto wa miezi minne anakaa mikononi mwa watu wengine zaidi ya nusu ya muda wake, na bado mama yake anamjua na anamtaka.

Nimekueleza haya kwa sababu wewe, dada yako, kaka yako na binti yako wote mnaongea kama vile kwenye moyo wa mtoto kuna kiti kimoja, akikaa bibi basi mama kanyang'anywa, akikaa mama bibi anyanyuke. Dada yako anasema mtoto ni wa aliyemlea, kaka yako anasema huyo ni mjukuu tu, ukiangalia wamesema kitu kile kile. Mimi nauliza, je lazima apoteze mtu ndo ampate mwingine? Kwa ninavyoona mimi, hatari kubwa kwa mtoto wako ni kukatiwa mtu wake ghafla, na hilo linaweza kutokea kwenye nyumba yoyote, ya Mbagala au ya Pangani. Mana hata ukimkatalia, mama yake akakasirika akaacha kupiga simu mwaka mzima, hapo pia mtoto kakatiwa mtu.

Halafu binti yako. Maneno ya umeniibia mtoto ni mazito na hukustahili kuambiwa. Ila jiulize kidogo nini kilikuwa kinaongea pale. Wengi wanaokwenda kazi za ndani Oman na Ghuba yote kazi yao kubwa inakuwa kulea watoto wa wenyewe, wanawalisha wanawaogesha wanawalaza, halafu usiku ndo wanapiga video kwa mtoto wao anayejificha nyuma ya mlango. Sijui kama kwa binti yako ilikuwa hivo, wewe pia huenda hujui, na pengine ni swali zuri la kumuuliza kabla hata ya kuzungumza shule. Muulize tu, mwanangu kule ulikuwa unafanya nini kutwa nzima. Umsikilize mpaka amalize. Inawezekana hicho Kizungu chote anachokitaka kwa mtoto ni namna yake ya kusema miaka yangu isiwe ya bure, nilikwenda kwa ajili ya kitu fulani na kitu chenyewe ni hiki.

Tuje kwenye hilo la kumpotezea muda. Hapa nakutetea wazi wazi. Kingston, Jamaica, kati ya mwaka 1986 na 1987, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa kutoka mitaa ya maskini. Baadhi yao, kwa miaka miwili kila wiki, walitembelewa na wahudumu wa afya wa jamii kwa saa moja, na katika hiyo saa hawakufundishwa ABC, mhudumu alikuwa anamuonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto kwa vitu vya kutengeneza hapo hapo nyumbani, vizibo, maboksi, makopo. Baada ya miaka ishirini waliwatafuta tena, wale waliotembelewa walikuwa wanapata kipato karibu asilimia 25 zaidi ya wenzao waliofanana nao ambao hawakutembelewa. Vifuu na mchanga mama! Mtoto anayehesabu vitumbua kumi na mbili huku bibi anamjibu, akikosea anacheka nae anaanza tena, hiyo ni shule, na huyo mhudumu wenu wa afya alichowafundisha kinatoka kwenye mambo haya haya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi wenye mambo matano, afya, lishe, ulinzi na usalama, kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio, yaani mtoto akiita aitikiwe. Serikali yetu nayo ikazindua programu yake ya makuzi na malezi ya awali Desemba 2021 kwa mambo hayo hayo matano. Hakuna mahali pameandikwa mtoto wa miaka minne ahesabu mpaka mia kwa Kizungu. Na lugha, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wamekuwa wakisema tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha aliyokulia nayo.

Lakini nisikudanganye upande wa pili. Kukaa nyumbani tu mpaka darasa la kwanza nako si jibu kamili. Kuna zile shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan, zikaja Zanzibar 1990 na baadae Uganda, wanawake wa mtaa wenyewe wanafundishwa ualimu, watoto wanacheza kwa vifaa vya hapo hapo, wanaimba Kiswahili na kujifunza dini yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha watoto wa shule hizo walipiga hatua katika kujifunza zaidi ya waliobaki nyumbani na zaidi ya waliokwenda shule nyingine za awali. Kwa hiyo binti yako ana hoja anaposema mtoto anahitaji wenzake na mwalimu. Linalobaki ni mwalimu wa namna gani, na saa ngapi kwa siku.

Hapo kwenye saa ndo nataka mkae nae na karatasi. WHO mwaka 2019 walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku, na mbele ya televisheni au simu asizidishe saa moja. Gari linapita saa kumi na moja alfajiri, maana yake mtoto anaamshwa saa kumi na nusu. Ili apate saa kumi za usingizi inabidi awe amelala saa kumi na mbili na nusu jioni. Mama anafunga saluni saa mbili usiku. Huyo mtoto na mama yake wataonana saa ngapi? Kinachoniumiza hapa ni kwamba binti yako anarudi toka Muscat kwa sababu anamtaka mwanawe, na kwa hiyo ratiba atakuwa nae nyumba moja na bado hamuoni, anayemuona ni dada wa kazi ambaye mtoto hata hamjui, na hao wadada wengine hukaa miezi michache wakaondoka. Usimwambie hivo kwa kumshinda. Mwambie kwa kumhurumia. Huenda hajapiga hiyo hesabu kwa sababu kichwani kwake kuna picha ya mtoto mwenye yunifomu tu.

Bweni ulilosikia ni kweli, Waraka wa Elimu wa mwaka 2023 ulikataza bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, hilo mliweke pembeni.

Na ya kuchelewa pia mliweke pembeni. Kwa sera ya sasa awali ni mwaka mmoja na darasa la kwanza mtoto anaanza na miaka sita. Mjukuu wako Januari ijayo atakuwa na miaka minne na miezi minane. Hata akianza awali Januari ya mwaka unaofuata bado anaingia la kwanza kwa wakati wake. Kwa hiyo mna muda, na huu muda ndo zawadi mliyonayo.

Mnaweza kuutumia vipi? Ukimpa Januari kama alivyotaka, faida yake ni kwamba binti anajisikia ameaminiwa na mama na mwana wanaanza mapema. Hatari yake nimeshaisema, mtoto anahama nyumba, mlezi, mji na lugha ndani ya wiki moja. Na hapa naomba ukumbuke jambo moja. Miaka ya 1950 London kulikuwa na mtu anaitwa James Robertson aliyekuwa anaangalia watoto wadogo waliolazwa hospitali, wazazi enzi hizo wanaruhusiwa kuwaona kwa nadra. Wauguzi walikuwa wanasema mtoto akilia siku mbili tatu halafu akanyamaza basi kazoea. Yeye akaona si kuzoea, mtoto amekata tamaa. Kwa hiyo mkipigiwa simu mkaambiwa mtoto katulia kabisa hasumbui, ulizeni zaidi. Anacheza? Anakula? Anamkimbilia nani akijikwaa? Kukojoa kitandani, kung'ang'ania watu, kununa, hivyo wiki za mwanzo ni kawaida na havimaanishi kaharibika, ila asipigwe wala asichekwe kwa hayo.

Ukimkatalia mpaka darasa la kwanza, mtoto anabaki kwenye utulivu wake na awali ya jirani na mwalimu anayemjua. Hatari ni kwamba atakapoondoka atakuwa na miaka zaidi ya sita, amejishikiza zaidi, na mama yake atakuwa amemkosa utoto wote na kinyongo kimeota mizizi kati yenu wawili. Pia sina hakika kama kumkatalia kutakaa, yeye ni mzazi, anaweza kuja na kumchukua, na hakuna kuhama kubaya kama kwa kuvutana mbele ya mtoto.

Katikati ya hayo mawili kuna njia nyingi na nyie mnajua uwezo wenu. Binti anaweza kutua Pangani kwanza, saluni ikangoja, akakaa hapo nyumbani mtoto akiwa kwenye uwanja wake, akamuogesha akamlisha akaenda nae kununua samaki, bila kulazimisha aitwe mama wiki ya kwanza. Wewe kaa nyuma kidogo, akija kwako kuomba maji mwambie nenda kamuombe mama, hilo litakuwa gumu kwako najua. Au wewe usafiri nae mkakae wote Mbagala muda, ukaiona shule, ukamuona huyo dada wa kazi, mtoto akalala kwenye nyumba mpya wewe ukiwepo, halafu uanze kuondoka siku mbili unarudi, siku nne unarudi. Hatari yake ni gharama, na biashara yako ya vitumbua kusimama, na nyie wawili mkiwa jikoni moja mnaweza kuanza kushindana nani anamjua zaidi. Au aanze awali hapo Pangani Januari, mama anakuja kila mwezi na likizo zote mtoto anakwenda Dar, mwaka unaofuata mnabadilisha. Hii nayo inataka binti avumilie mwaka mwingine wa kuwa mgeni, na mtu aliyekwisha vumilia mitatu anaweza kukuambia basi mama imetosha, na asikosee.

Kwa sasa kabla hajarudi unaweza kuanza kumjenga kwa mtoto. Picha yake iwekwe mahali anapoiona. Video iwe fupi na iwe na kazi, si kumsimamisha mtoto asalimie, bali binti awepo tu wakati mnakaanga, amuombe amhesabie vitumbua, amwimbie. Mwambie mtoto hadithi za mama yake alipokuwa mdogo kwenye nyumba hiyo hiyo. Hivyo siku akishuka kwenye gari anakuwa ni mtu mwenye habari tayari.

La hela na upweke sitalipitia juu juu kwa kuliogopa. Mama, si aibu. Umefanya kazi ya kulea miaka zaidi ya mitatu, na mtu wa miaka 54 ana haki ya kuuliza kesho yake. Ila liongelee peke yake, siku nyingine, si siku ya kuongelea mtoto, mana yakichanganyika binti atasikia unamshikilia mtoto kwa ajili ya hela na kila hoja nzuri uliyonayo itaanguka. Unaweza kushangaa, huenda yeye hana mpango wa kuacha kutuma.

Kama kikao kitakuwa kigumu na kaka na dada kila mmoja ana upande wake, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu anaweza kukaa nanyi bila malipo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka aangalie maslahi ya mtoto kwanza, si ya mshindi. Si kumshtaki mtu, ni kupata mtu wa tatu asiye na kinyongo.

Nimeandika mengi lakini kuna kitu kimoja sijakijua na kinanizuia kuona vizuri zaidi, binti yako akifika Dar, jioni zile yeye yupo saluni, huyo dada wa kazi atakayebaki na mtoto ni nani hasa? Ukimuuliza na akakujibu, niandikie tena mama yangu, hata kama ni jibu la nusu, tuendelee kutoka hapo.